Nusu Saa ya Dishi

Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini ndiyo niliyo nayo, kwamba haya yote ni kweli tupu tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Najua mtaani wananiita Mzee Chumvi. Wanasema ukinipa habari ya mvua ya rasharasha naitoa ikiwa gharika. Waseme. Hapa chumvi nimeiacha jikoni. Hata yule panya utakayemkuta humu ndani, aliyekata intaneti ya mji mzima kwa meno yake, nilimwona kwa macho haya mawili, na alikuwa mkubwa kama mbuzi wa miezi mitatu.

Nitaeleza pia yaliyotokea mahali ambapo sikuwapo, na yale watu waliyoyawaza bila kuyasema. Usiniulize nimeyajuaje. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na kuta nyembamba, nami nimestaafu. Kazi niliyobaki nayo ni kuuliza.

Ni nyumba ya mawasiliano. Binti yangu anaunganisha mkongo, zile nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga ardhini kutoka mji hadi mji. Kazini wanamwita Fundi Kioo. Mumewe anapanda minara, anaelekeza zile ngoma nyeupe zinazorushiana mawimbi ya redio kilima kwa kilima. Yeye wanamwita Mnara, na urefu anao. Mimi nilikaa miaka thelathini na moja kwenye kituo cha setilaiti, mpaka mkongo ulipofika mjini na kituo kikapunguzwa watu. Walinipa mkono, wakanipa saa ya ukutani, wakanipa na dishi kuukuu la mita mbili na nusu ambalo hakuna aliyetaka kulibeba. Dishi likakaa uani limelala chali juu ya matofali, na binti yangu akawa analianikia soksi.

Soksi, ndugu msomaji! Chombo kilichowahi kupokea sauti kutoka angani, kilomita elfu thelathini na sita!

Mezani kwetu kila mlo ulikuwa bunge. "Unywele wangu mmoja," Fundi Kioo alikuwa akisema huku akinyoosha kijiko, "unabeba mzigo kuliko minara yote ya nchi ukiifunga pamoja."

Mnara hakuwahi kunibishia mimi, maana mimi ni mkwe wake na ana adabu. Alibishana na mkewe, na mimi alinifikia kwa kupitia birika. "Wewe birika, mwambie huyo mama kwamba mwanga ndani ya kioo unajikokota. Wimbi langu hewani linauacha mbali. Tena mkongo wake unazunguka na barabara, mimi naruka bonde moja kwa moja."

"Mpaka mvua inyeshe," mkewe anamjibu.

"Mpaka mtu achimbe choo," Mnara anamrudishia.

Hapo mimi nakohoa. "Dishi halichimbiwi wala halipandiwi. Unalielekeza juu, unaongea."

"Na unasubiri jibu mpaka chai ipoe, Baba," binti yangu anasema, na wote wanacheka. Nami nacheka, kwa mdomo.

Asubuhi ninayoisimulia bunge halikukaa. Mjukuu wangu wa kike, tunayemwita Nahodha tangu alipokuwa akielea kwenye beseni, alikuwa na usaili saa tano kamili. Meli ya kutandaza mikongo chini ya bahari ilitaka wanafunzi wawili wa ufundi. Walioomba walikuwa mia nne. Wameitwa kumi na sita, kila mmoja kwa video akiwa kwake, na barua ilisema wazi: ukitoweka kwenye skrini kwa dakika kumi na tano, jina linafutwa na anaitwa anayefuata. Miaka miwili alikuwa akisaidia kuuza vocha dukani huku akisoma vitabu vya mama yake mbele ya wateja. Nafasi kama hii hairudi.

Saa mbili kasoro robo alifungua laptopu ajaribu. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Mama, mtandao umelala."

"Zima uwashe."

"Nimezima mara tatu."

Simu ya Fundi Kioo ikalia. Alisikiliza akiwa amesimama, kipande cha mkate mdomoni, na tukaona uso wake ukibadilika. "Mkongo umekatika," akasema. "Mji mzima uko gizani."

"Saa ngapi umekatika?" Mnara akauliza.

"Saa kumi na dakika hamsini, alfajiri." Akameza mkate bila kuutafuna. "Tuna saa tatu."

Nahodha hakulia. Alikaza mikono juu ya laptopu kama mtu anayezuia mlango. "Mama, unaweza?"

"Nyuzi ni ishirini na nne. Nikishapata mahali, naweza. Shida ni kupata mahali." Alikuwa tayari anavaa buti.

Mnara naye alikwishashika helmeti. "Minara inabeba simu na hospitali, nafasi ni finyu. Nitaomba wakupe wewe upana wa uzi wa sindano. Uzi wa sindano unatosha sura yako, si ndiyo?"

"Hata wakinipa sauti tu, Baba."

Hapo nikasema neno langu. "Na dishi lipo."

Walinigeukia wote watatu, kisha wakatazama nje dirishani. Dishi langu lilikuwa halilali tena. Lilikuwa limesimama wima katikati ya ua, limefungwa kwa bolti kwenye nguzo imara ya chuma, nguzo imepakwa rangi ya kijani mbichi inayong'aa.

"Mzee," Mnara akasema polepole, akasahau kupitia kwa birika, "nguzo imetoka wapi?"

"Kwa rafiki."

"Na hayo mikononi?"

Nikatazama viganja. Kijani mpaka kwenye kucha. "Nilikuwa nachuma majani ya sungura."

"Hatuna sungura."

"Nafikiria kufuga."

Pikipiki ya kazini ikapiga honi nje, wakaondoka mbio, na hakuna aliyerudi kwenye habari ya sungura.

*

Fundi Kioo ana kipimo cha mwanga. Anakichomeka kwenye uzi kwenye kituo cha mkongo, kinapiga mwanga, na pale penye jeraha mwanga unarudi. Kwa kuhesabu muda uliotumia kinakwambia umbali. Siku hiyo kilisema mita elfu mbili na mia tatu na arobaini. Raha iliyoje! Lakini hizo ni mita za waya, si za barabara. Mkongo haukulazwa kama uzi wa fundi uashi. Kila chemba, yaani shimo la kukagulia waya, wameacha misokoto ya akiba, na ardhini unajipindapinda. Ukitembea mita elfu mbili na mia tatu na arobaini barabarani, umepitiliza. Ndiyo maana kuna nguzo za alama: nguzo ya chuma kila baada ya hatua hamsini hivi, na kibati chenye herufi zilizonyanyuka. Fundi anajua kati ya nguzo hii na ile kuna waya kiasi gani, anatoa, anafika.

Alihesabu. Jeraha lilikuwa kwenye nguzo ya arobaini na saba. Akaikuta ya arobaini na sita. Akaikuta ya arobaini na nane. Ya arobaini na saba haikuwapo.

Akashuka kwenye pikipiki akaanza kutembea ameinama, nyasi zinamfika magotini, jua linapanda. Saa tatu. Saa tatu na robo. Anasema alikuwa akisikia sauti ya Nahodha kichwani, "Mama, unaweza?", na kila ikija anaongeza mwendo. Saa tatu na dakika ishirini buti lake likazama kwenye udongo laini uliofunikwa nyasi zilizong'olewa. Akapiga yowe la furaha mpaka vibarua waliokuwa wakimfuata wakadhani ameumwa na nyoka.

Mimi nilifika wakati huo, na chupa ya chai. Nilisema nimemletea chai.

Walifukua. Ndani ya bomba la rangi ya chungwa mkongo ulikuwa umetobolewa, nyuzi zimekatika zinameremeta kama chembe za sukari. Msimamizi wa kampuni, kijana wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, alichungulia shimo. "Huyu ameng'oa nguzo. Ameitikisa na mtaimbo, mtaimbo ukashuka. Mwizi wa vyuma." Akainua kichwa, na kwa bahati mbaya ya mtu fulani, mtu fulani alikuwa anapita.

Alikuwa Kilo. Kila mtu anamjua Kilo: ananunua vyuma chakavu kwa mkokoteni, mizani yake ameitundika shingoni kama medali, na anapita mitaa yetu miaka kumi akiimba "Vyumaaa chakavu!" kwa sauti inayoweza kuamsha mawe.

"Wewe! Shusha mzigo," msimamizi akamwita.

"Bosi, mimi nanunua. Sichimbi."

"Shusha, nimesema."

Watu walikuwa wamejaa, maana mji usio na mtandao watu wake hutoka nje. Kilo akashusha kimoja kimoja: sufuria lililotoboka, springi za godoro, mlango wa friji, pedeli ya cherehani. Akavipanga barabarani kwa unadhifu kama mtu anayeanika nguo za wageni. Mama mmoja akasema, "Kumbe ndio hawa." Mwingine akasema, "Tumekaa na mwizi." Kilo hakuinua macho. Nguzo haikuwapo.

"Umeificha. Lete hiyo mizani," msimamizi akasema. "Utaipata nguzo ikipatikana."

"Bosi, bila mizani mimi ni mtu wa kutembea tu."

"Tembea."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo. Kilo akanitazama, maana mimi ni mzee na tunasalimiana kila siku. Ulimi wangu, ambao mji mzima unajua haujawahi kukauka, ulikauka. Kisha ukatoa hiki: "Mimi nadhani ni panya."

"Panya amebeba nguzo, Mzee?" msimamizi akauliza.

"Kuna panya, na kuna panya. Huyu nilimwona alfajiri. Kama mbuzi."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kilimfaa Kilo angalau kwa kuwa waliacha kumtazama yeye. Akapakia vitu vyake akaondoka bila kuimba. Binti yangu ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope na mashine yake ya kuunganishia, anamenya uzi wa kwanza. "Baba," akasema bila kugeuka, "kama umeleta chai iache hapo, uende ukakae na mtoto."

*

Saa tano kasoro dakika mbili simu ililia kutoka juu ya kilima. "Nahodha!" Mnara alikuwa anapiga kelele, upepo unavuma nyuma yake. "Wamekubali! Uzi wa sindano ni wako! Ingia!"

Akaingia. Skrini ikafunguka na watu watatu mezani: mzee mwenye upara, mama mwenye miwani aliyeonekana ndiye mkubwa wao, na mmoja aliyekuwa anaandika tu. Picha ilikuwa inakatakata, mdomo unachekea kushoto jicho likiwa kulia, lakini sauti ilikuwa safi na ya papo kwa papo. Unasema, wanakujibu. Mnara alikuwa na haki ya kujisifu, na nilikaribia kumkubali.

"Habari za asubuhi. Tueleze wewe ni nani," mama wa miwani akasema.

Nahodha akafungua mdomo. Simu ikalia tena.

"Mvua!" Mnara alisema. "Naiona bondeni, inatembea kama ukuta. Ninyi huko jua linawaka, eti? Huku imeshameza mnara wa pili. Inakuja, inakuja... mwanangu, nimekup—"

Skrini ikaganda. Mama wa miwani akabaki na jicho moja limefumbwa. Ilikuwa saa tano na dakika nne.

"Babu," Nahodha akasema.

Ewe msomaji, nina miaka sitini na saba na magoti ya mtu mwingine, lakini nilivuka ule ua kama swala! Simu za humu humu mjini zilikuwa bado zinapita, nikampigia mwenzangu wa zamani, mmoja wa wachache waliobaki kituoni. Nikamwambia: nipe njia ya setilaiti. Akasema: Chumvi, una wazimu, njia ina ratiba. Nikamwambia ni mjukuu wangu na ni meli. Akasema: "Nusu saa. Baada ya hapo inarudi kwa wenyewe, hata kama unaongea na malaika."

Kulielekeza dishi si kulitazamisha juu. Ni kulisogeza upana wa kucha, unasikiliza, unalirudisha nusu ya kucha. Nahodha alishika kipimo cha nguvu ya mawimbi dirishani akinisomea namba. "Kumi na mbili! Kumi na nne! Imeshuka, Babu, rudi! Kumi na tisa!" Jasho lilinitiririka mpaka machoni. Dakika ya nane. Dakika ya kumi. Spana ikateleza nikachubuka vidole, nikatoa neno lisiloandikika. Dakika ya kumi na mbili. "Thelathini na moja, Babu! Simama! Usipumue!"

Sikupumua. Akakimbia ndani kuchomeka. Saa tano na dakika kumi na nane skrini ikafunguka.

"...tulikuwa tunataka kumwita anayefuata," mzee wa upara alikuwa anasema.

"Nipo!" Nahodha akapiga kelele.

Hawakumsikia. Yaani walimsikia, lakini baadaye. Sauti ipande mpaka kwenye setilaiti, ishuke mpaka kwao, jibu lipande, lishuke. Utakuwa umekwisha kufungua mdomo tena.

"Sawa, tu—" "Samahani kwa—" "Unasema?" "Nasema sama—" "Endelea." "Hapana, endelea wewe." "Je, ulisoma—" "Ndiyo, karibu." Wakawa wanakanyagana kama watu wawili mlangoni. Mwenye kuandika akaweka kalamu chini. Nilimwona mama wa miwani akitazama saa yake. Hiki ndicho binti yangu alichokuwa akinichekea mezani miaka yote: chai inapoa.

Nikachungulia dirishani kwa nje, nikanong'ona neno ambalo sikulitamka tangu nilipostaafu. "Pokea."

Nahodha akanitazama.

"Ukimaliza kusema, sema pokea. Kisha funga mdomo. Nao wafanye hivyo."

Akageukia skrini. "Waheshimiwa, mkongo wa mji wetu umekatika na mvua imezima minara. Sauti yangu inapitia setilaiti, inachelewa. Naomba kila mmoja akimaliza aseme pokea, mwenzake ndio aanze. Pokea."

Kimya. Kimya kirefu, kirefu kuliko kinavyopaswa hata kwa setilaiti. Kisha mama wa miwani akatabasamu upande mmoja. "Vizuri. Kwa nini unataka kuishi melini? Pokea."

Na hapo wakaenda! Swali, pokea, jibu, pokea. Mzee wa upara alisahau mara moja na mwenziwe akamkanyaga mguu chini ya meza; tulimwona akiruka. Walimwuliza juu ya kioo, mwanga, maji ya chumvi, kazi ya kupanga zamu. Mimi nilikuwa uani nimekumbatia dishi lisitikisike na upepo, sikio dirishani, macho kwenye saa ya mkononi.

Dakika ya ishirini na tano mama wa miwani akaegemea mbele. "Swali la mwisho. Mji kama wenu, njia moja ya kuingia na kutoka, na leo imekatika. Nakupa fungu la kununua njia moja ya kubeba intaneti. Mkongo, minara au setilaiti? Chagua. Pokea."

Nilijua moyoni jibu la binti yangu. Nilijua la Mnara. Na Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri kwa hamu atamke langu.

"Asubuhi ya leo nimepita katika zote tatu," Nahodha akasema. "Mkongo unabeba mzigo ambao hizo nyingine hata zikijumlishwa haziuwezi, lakini mtu mmoja na mtaimbo ameuzima mji. Minara ilinijibu haraka kuliko zote, mvua ikaila. Dishi halikujali mtaimbo wala mvua, ila linabeba kidogo, ni ghali, na mmeona wenyewe tulivyokanyagana. Njia moja sichagui. Ningelaza mkongo wa pili uingie mjini kwa upande mwingine wa kilima, ule ambao mtaimbo wa leo usingeufikia. Minara ibaki kwa simu na hospitali. Na dishi la babu lisianikiwe tena soksi. Pokea."

"Nimesema njia moja. Pokea."

"Nimesikia. Aliyeununulia mji huu njia moja ndiye aliyewafanya mnisubiri dakika kumi na nne. Pokea."

Nikafumba macho. Mtoto amemjibu mkubwa! Nikasubiri mshindo. Badala yake likaja giza: skrini nyeusi, sauti hakuna. Nikatazama saa. Saa tano na dakika arobaini na nane. Nusu saa imekwisha, na mwenzangu kituoni ni mtu wa neno lake.

"Babu!"

"Imekwisha, mama. Imekwisha!"

Sikumbuki niliingiaje ndani. Tulikuwa wawili tumesimama mbele ya kioo cheusi, ameshika mkono wangu wa kijani. Kisha, kwenye kile kisanduku cha rafu ya sebuleni, kitaa kilichokuwa chekundu tangu alfajiri kikapepesa. Kikapepesa tena. Kikawa kijani.

"Mama!" Nahodha akapiga kelele, ingawa mama yake alikuwa shimoni kilomita mbili kutoka hapo, na akachomoa waya huu akachomeka ule, vidole vinagongana.

Picha iliyokuja ilikuwa safi mpaka niliona mshale wa saa ya yule mama wa miwani. Wote watatu walikuwa wameegemea mbele kwa wasiwasi.

"Upo? Pokea."

"Nipo. Na hakuna haja ya pokea tena, mama ameunganisha."

"Tumeshazoea," mama akasema, akavua miwani, akacheka kweli. "Mimi pia niliwahi kukataa kuchagua, wakaninunia mwaka mzima. Meli inaondoka tarehe nane. Karibu melini. Pokea."

Nahodha hakupokea. Alipiga ukelele uliowatoa majirani wa nyumba sita.

*

Saa saba wazazi walirudi pamoja, Mnara kalowa kama samaki, Fundi Kioo ana tope mpaka nyusi. Tukakumbatiana uani kwa fujo. Mnara alimbeba binti yake juu akazunguka naye. "Umesema minara ilijibu haraka kuliko zote? Ulisema hivyo?" "Nilisema, Baba." "Birika, umesikia?" Mkewe alikuwa hoi kwa kucheka, akajitupa kwa mgongo kwenye nguzo ya dishi langu, akaegemea na kufumba macho. "Baba," akaniambia, "leo nakubali. Dishi lako limetuokoa. Soksi nitatafutia kamba."

Nilisubiri sentensi ile miaka sita. Haikukaa hata dakika.

Aliingia ndani kunywa maji. Laptopu ilikuwa bado wazi mezani. Wasaili walikwishaondoka na skrini ilikuwa inatuonyesha wenyewe, kama kioo cha kujitazamia. Nahodha akamwona mama yake kwenye skrini kwa nyuma.

"Mama, umeandikwa mgongoni."

Rangi ya kijani ilikuwa haijakauka. Kwenye ovaroli, herufi zilikuwa zimejipiga chapa kinyumenyume, lakini skrini ile hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo zilisomeka vizuri kabisa, kubwa, moja baada ya nyingine:

USICHIMBE. 47.

Nguzo ile nilikuwa nimeipaka rangi mara tatu, nikidhani herufi za kibati zitazama.

Binti yangu alivua ovaroli, akailaza mezani, akaitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anahesabu: nyasi, magoti, Kilo akishusha springi zake. Kisha akanigeukia, uso wa tope, sauti ya chini.

"Baba. Kwa nini? Pokea."

Akafunga mdomo. Wote watatu wakafunga mdomo, wakasubiri, kama nilivyowafundisha mwenyewe. Huwezi kujua neno hilo lilivyo zito mpaka ukitupiwa wewe. Nilichukua zaidi ya ile nusu sekunde ya setilaiti.

"Nilitaka siku moja dishi lihitajike," nikasema. "Sikukusudia kukata. Nilitaka nguzo tu, lisimame, mtoto alione lina heshima, likae akiba. Nguzo ile ilikuwa imelegea. Mtaimbo ulipozama nilisikia kitu kinapasuka, nikadhani mzizi." Nikatazama kucha zangu za kijani. "Hapana. Sikudhani mzizi. Nilijua."

"Na panya?" Mnara akauliza.

"Panya hayupo."

Hukumu ilitolewa na Nahodha, na nashukuru hakuwa hakimu wa kweli. Siku hiyohiyo nilisukuma nguzo kwa toroli mchana kweupe, nikaenda nayo kwa msimamizi, mbele ya akina mama walewale wa barabarani, nikasema yaliyotokea. Niliomba mizani ya Kilo nikampelekea mwenyewe. Aliivaa shingoni, akaipapasa kama aliyerudishiwa sikio. Shimo nililichimba upya, mita moja na robo, binti yangu amesimama juu na futi ya kupimia. Faini ya kampuni inakatwa kwenye pensheni ile niliyoiapia, na dishi limepata bomba jipya kutoka kwa Kilo, aliyekubali saa yangu ya ukutani iwe malipo. Na kuandika haya, bila chumvi, ilikuwa sehemu ya adhabu. Yule panya wa mwanzo Nahodha alitaka nimfute. Nimemwomba abaki, mnione nilivyoanza.

Lililokuwa gumu ni adhabu ya mwisho, ya siku sita. Nilimsukumia Kilo mkokoteni mitaa yote, yeye ametangulia mikono mfukoni kama mkaguzi, mimi nyuma natweta na kuimba "Vyumaaa chakavu!" kwa sauti ambayo, wanasema, haiamshi hata kuku. Siku ya tatu tulipita mbele ya duka la vocha. Watu walikuwa wamekaa barazani.

"Kilo!" mmoja akaita. "Tumesikia kulikuwa na panya mkubwa kama mbuzi. Alipatikana?"

Kilo hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

"Yuko nyuma," akasema. "Anasukuma."